Shangazi Hasikii

Tulipomzika Shangazi Feza mwezi uliopita, mzee mmoja jirani yetu wa Songo alisimama mbele ya waombolezaji, akavua kofia, akasema maneno ambayo niliyasoma mdomoni mwake kabla watu hawajaanza kucheka: "Tuseme kweli mbele ya Mungu. Huyu mama hakusikiaka muntu." Hakuwa anamtukana. Kwetu, mtu asiyesikia watu ni mbishi, mwenye kichwa kigumu, ambaye ukimfungia mlango ataingia kwa dirisha, na hapakuwa na mtu pale asiyekuwa na kisa chake cha kuthibitisha hilo. Mimi nilicheka kuliko wote. Nilicheka mpaka machozi yakageuka kuwa machozi ya kweli, na binamu yangu akanishika bega akidhani nimeshindwa. Nilikuwa nimeshindwa, ndiyo. Lakini pia nilikuwa nimekumbuka mwaka ule ambao mtaa mzima ulisema maneno hayohayo juu yangu, na Shangazi akakataa yasibaki.

Mimi ni kiziwi. Nalisema waziwazi kwa sababu watu wengi hulizungukia neno hilo kama shimo barabarani, nami sina subira na wanaozunguka. Ila Kiswahili chetu ndicho kilichonichelewesha. Neno kusikia tumelibebesha mizigo mingi mno. Tunasikia sauti, tunasikia njaa, tunasikia baridi, tunasikia harufu ya sombe ya majani ya muhogo jikoni kwa jirani, tunasikia Kifaransa kama tumekisoma, na mtoto mwema husikia wakubwa wake. Sasa mtoto akisemwa kwamba hasikii, nani atajua ni kipi kati ya hivyo vyote kilichomshinda? Siku hizi wazazi hunijia na watoto wao, tunaketi na mwalimu na kuandika mpango wa kumsaidia mtoto darasani, na zipo fomu zenye jina refu kwa kazi hiyo. Kila mara mama akiniambia, "Hasikii," namwomba kwanza aniambie hasikii nini. Wengine hukasirika. Nawaacha wakasirike, kisha nauliza tena.

Mwaka ninaousema ulikuwa wa vita ya pili ya nchi yetu, nami nilikuwa darasa la sita katika shule moja ya Nyamianda. Tuliishi Songo, katika nyumba ya vyumba viwili, kimoja cha kulala na kingine cha cherehani. Cherehani ilikaa mbele ya dirisha kwa ajili ya mwanga, ziwa likionekana chini kati ya mabati ya majirani, na kwenye meza ileile ya kukatia vitambaa tulikula bugali na ndagala, tukishapangusa nyuzi. Shangazi alikuwa fundi wa kushona, na akiwa kazini aliweka pini mdomoni, midomo imebanwa, maneno yakimtoka kwa pembeni. Miaka michache kabla nilikuwa nimeugua malaria kali iliyopanda kichwani. Wakanitundikia maji ya kwinini, nikapona, na masikio yakaanza kulia kama nyenje wa kiangazi. Polepole nyenje wakaondoka, na vingine vyote vikaondoka nao. Mimi sikulia wala kulalamika. Nilikuwa mtoto mwenye kiburi, na nilikuwa nimegundua kwamba midomo ya watu huandika hewani, ukiwa na macho unasoma. Siku moja nilimwona Shangazi akiniangalia muda mrefu. Akatoa pini mdomoni, zote, akazichoma kwenye kijimto chake, ndipo akaniita nikale. Tangu siku hiyo hakusema nami tena akiwa na pini mdomoni. Hatukulizungumza jambo hilo, lakini nilijua kwamba amejua, na nilimpenda kwa hilo kuliko kwa nguo zote alizonishonea.

Shuleni mwalimu wangu alikuwa Kashindi, mwanaume mrefu, mpole, mwenye mdomo mpana usio na haraka na kidevu kilichonyolewa safi. Kwa msomaji kama mimi, mdomo wake ulikuwa ukurasa uliopigwa chapa vizuri. Nilishajifunza tabia za herufi. F ndiyo mwaminifu kuliko zote: meno ya juu hushuka juu ya mdomo wa chini, huwezi kuikosa hata ukiwa mwisho wa uwanja. Pengine naipenda kwa kuwa jina langu ni Faida. P, B na M ni waongo watatu. Midomo hufunga na kufunguka vilevile, ukabaki kukisia kama mtu amesema baba, mama au papa. Kwa Mwalimu Kashindi nilikisia vizuri, nikawa miongoni mwa wa kwanza darasani. Kisha mdogo wake akauawa huko juu milimani, upande wa Bijombo. Katika ukoo wao mwanaume aliyefiwa na ndugu hanyoi ndevu mpaka siku ya kumaliza kilio, jamaa wote wakiwa wamekutana. Lakini vita ilifunga barabara, jamaa wa milimani hawakuweza kushuka, na siku ya kumaliza kilio ikaahirishwa, ikaahirishwa tena. Ndevu zikaendelea kuota. Kwanza zilikuwa kivuli tu, kisha masharubu yakashuka yakafunika mdomo wa juu, na ukurasa wangu ukafungwa. Mwalimu akiuliza swali la leo, mimi nilijibu la jana. Alama zangu zilianguka, wenzangu wakafurahi kupata cha kucheka, na jina langu likawa Hasikii.

Asubuhi moja niliitwa ubaoni kufanya hesabu ya sehemu. Ile niliiweza, kwa kuwa hesabu haina masharubu, nikaandika kwa raha nikiwa nimelipa darasa mgongo. Nilipogeuka kuonyesha jibu, darasa halikuwapo. Wote walikuwa chini ya madawati, vichwa sakafuni, na mwalimu mwenyewe alikuwa amelala kando ya meza yake akinipungia mkono. Nikadhani ni mzaha walioupanga juu yangu. Nikacheka, chaki mkononi, nikauliza, "Sasa munajificha nini?" Baadaye waliniambia kwamba risasi zilikuwa zikipita juu ya mabati, na kwamba sauti yangu ilisikika katikati yake kama ya mtu aliyerukwa na akili. Mimi nilihisi tu sakafu ikitetemeka kidogo chini ya miguu. Direkta wa shule alikuja akitambaa mlangoni, shati lake jeupe limejaa vumbi, akaniona nimesimama, nacheka. Mwalimu Kashindi ndiye aliyejivuta mpaka ubaoni, akanishika mguu, nikaanguka kando yake. Akaniangalia usoni karibu sana. Nadhani ni pale aliponielewa, maana aliacha kupiga kelele.

Kesho yake Shangazi aliitwa shuleni. Niliambiwa ningoje nje, nami nikangoja mahali ambapo dirisha la ofisi, lisilo na kioo tangu vita ya kwanza, lilinionyesha uso wa direkta wote. Huo ndio usikilizaji wangu wa mlangoni. Direkta alikuwa na hofu, leo naliona hilo. Siku ile niliona hasira tu. "Mama, huyu mutoto iko na kichwa nguvu," alisema. "Batoto bote balilala chini, yeye tu iko anacheka. Siku risasi itamupata, nani atajibu? Minye?" Shangazi alijibu kitu, akiwa amenipa kisogo. Direkta akatikisa kichwa, akaitoa methali yake taratibu hata mtoto angeweza kuisoma: "Sikio la kufa halisikii dawa." Jibu la Shangazi kwa hilo nililipata nyumbani jioni, alipolirudia mbele yangu: "Nilimwambia, Bwana Direkta, hili sikio lilisikia dawa. Lilisikia dawa sana, njo maana lilikufa." Lakini direkta aliona ni ubishi wa mwanamke, akaandika kwa Kifaransa kwamba mimi ni mtovu wa nidhamu, nisirudi mpaka nijifunze kusikia. Majina ya watakaofanya mtihani wa darasa la sita yalikuwa karibu kupelekwa. Nisipokuwamo, mwaka wangu umekwisha, na wakati ule hakuna aliyejua kama mwaka mwingine wa shule utakuwapo. Nililia kwa uchungu, uso wangu ukiwa ndani ya kitambaa cha mteja, na kwa mara ya kwanza Shangazi hakunigombeza kwa kukichafua.

Mwalimu Kashindi alikuja kwetu kabla jua halijashuka. Shangazi akamtengea bugali, naye akala kidogo kwa heshima, kisha akauliza, akinitazama mimi, "Mama Feza, huyu mutoto hasikie kabisa?" Shangazi akajibu, "Kabisa. Anaona. Sasa tutafanya nini?" Mwalimu alisema aliwahi kuambiwa chuoni kwamba mtoto wa namna yangu anaweza kuandikiwa mpango, karatasi inayosema afundishwe vipi na afanyiwe mtihani vipi, na kwamba ikiwa na saini ya inspekta na kashe yake, muhuri ule wa mviringo, basi direkta hawezi kuikataa. Yeye hakuwa ameiona karatasi ya aina hiyo hata siku moja. "Basi utaiona leo," Shangazi akasema, na akasogeza cherehani. Yeye alisema kwa Kiswahili, mwalimu akaandika kwa Kifaransa. Aliandika kwamba nikae mbele upande wa dirisha, mwanga ukimwangukia mwalimu si mimi. Risasi zikilia, jirani yangu wa dawati anivute nguo. Imla nisomewe na mwalimu wangu mwenyewe, akinitazama. Kila sentensi Shangazi alidai irudishwe kwa Kiswahili, na kwenye mstari wa kwanza palizuka ugomvi, kwa sababu mwalimu aliirudisha hivi: "Mutoto huyu hafuati maneno." Shangazi akapiga meza. "Nilikuambia hasikie! Hafuati ni maneno ya direkta." Mwalimu akalitazama neno lake la Kifaransa kana kwamba linamuuma, akalifuta, akaandika lingine, lile la masikio tu. Nilikuwa nikiwatazama wote wawili, kichwa kikienda huku na huku, na nilisikia furaha tumboni ambayo sijaisahau.

Kisha Shangazi akamwangalia mwalimu mdomoni. "Na ndevu?" Mkono wa mwalimu ukapanda wenyewe ukazishika. "Mama, hizi haziko zangu." "Ninajua, Mwalimu. Pole. Lakini ziandike. Minye nilitoa bipini mu kinywa juu ya huyu mutoto. Kila muntu atoe kitu." Akaandika: mwalimu aonyeshe mdomo wake. Aliandika akiwa ameinama, na sikuuona uso wake.

Inspekta alikuwa na ofisi bila viti, kwa kuwa viti vilichukuliwa na waliopita, basi yeye mwenyewe alikaa kwenye dawati la watoto, magoti juu, karatasi zake mapajani. Aliisoma yetu mpaka mwisho. Akasema kwa upole kwamba tangu aanze kazi hajawahi kutia kashe kwenye kitu kama hiki. "Mama, nikimupa huyu, kesho kila muzazi atakuya na mutoto wake." Shangazi akajibu neno moja: "Bakuye." Inspekta akacheka, nikaona kwamba si mtu mbaya. Kisha akarudi kwenye ule mstari wa mdomo, akainua macho kwa Mwalimu Kashindi, akayatazama masharubu. "Mwalimu, hii karatasi weye mwenyewe haufuate. Nipige kashe juu ya uongo? Siku nitaona mudomo, njo nitapiga." Akasema majina yanaondoka Ijumaa. Tulirudi kwa miguu, na njia nzima mwalimu alitembea hatua moja nyuma yetu.

Nilidhani mambo yameishia hapo. Mtu yeyote mwenye akili angedhani hivyo, maana huwezi kumwendea aliyefiwa ukamwomba kilio chake. Shangazi alilala, akaamka, akavaa kitenge chake kizuri, akanipeleka kwa mama yake Mwalimu Kashindi. Mama muzee yule alikuwa amekaa kwenye mkeka, miguu imenyooshwa, na wakwe zake wawili walikuwa wakitwanga sombe uani, mlangoni kabisa. Shangazi alivua viatu, akaketi chini, akatoa pole kwanza, ndipo akaeleza. Mama muzee alisikiliza mpaka mwisho, kisha akakataa. "Hizo ndevu haziko za Kashindi," alisema. "Ni za mutoto wangu mwenye alikufa. Akizinyoa leo, bantu batasema kilio kiliisha, na minye hata kaburi sijaiona." Shangazi hakubishana, jambo ambalo lilinitisha. Alisema tu, "Sikatae, mama. Muangalie huyu mutoto tu, kisha tutaenda."

Basi akaniangalia. "Weye, unaona nini mu midomo ya bantu?" Nikamwambia naona maneno. Hakuamini. Akaweka kiganja juu ya koo lake mwenyewe, kama anayeshika ndege asiruke, akasema kitu bila sauti. Najua hakikuwa na sauti, kwa kuwa wanawake wa uani waliacha kutwanga na kunyoosha shingo wapate kusikia. Kwa bahati meno yake ya juu yalikuwapo bado, na katikati ya neno nikamwona rafiki yangu F. Nikafurahi kwamba limekuwa rahisi, na kwetu neno iko ni la mtu na ni la kitu, halichagui, nikamjibu kwa adabu zote nilizofundishwa: "Umesema, 'Safari iko wapi?' Sijui, bibi. Barabara imefungwa."

Mwalimu Kashindi, aliyekuwa amesimama mlangoni, aligeuka akatazama ukuta. Sikujua. Shuleni tulimwita marehemu ndugu ya mwalimu, basi, na hakuna aliyewahi kutamka mbele ya macho yangu kwamba jina lake ni Safari. Mama muzee akaanza kulia, mdomo wazi, mabega yakipanda na kushuka, nami nikaogopa kwamba nimemkosea adabu, nikajificha nyuma ya Shangazi. Lakini alinyoosha mkono akanivuta, akanishika sikio, si kwa kulikunja kama walivyofanya wengine mwaka ule, bali akalifunika tu kwa kiganja. Akamwita mwanawe. "Leta wembe na mayi." Alimnyoa mwenyewe, mwalimu amepiga magoti mkekani kama mtoto. Nywele zote alizikusanya katika kipande cha kitambaa, akakifunga fundo, akasema zitangoja ukoo ukutane. Na kabla hatujaondoka alimgusa mwanawe kifuani. "Kilio kikae humu," alimwambia. "Mudomo ni wa batoto."

Kashe ilipigwa Alhamisi. Inspekta alimtazama mwalimu mdomoni, akaitia kashe wino, akapiga. Siku ya mtihani alikuja mwenyewe kukaa karibu na dawati langu, akihakikisha hakuna wizi, kwa sababu mimi na mwalimu tulikuwa tumekubaliana ishara kwa ajili ya wale waongo watatu: kwa P aguse shavu, kwa B kidevu pale ndevu zilipokuwa, kwa M pua. Bila hizo, katika Kifaransa, mkate, bafu na mkono ni neno moja mdomoni. Watoto wengine waliandika wakiwa wameinamisha vichwa. Mimi niliandika nikiwa nimekiinua changu, na sikuwahi kujisikia mrefu kama siku ile.

Matokeo yalitangazwa uwanjani, wazazi wakiwa wamesimama kuzunguka. Direkta alipanda kwenye kiti, akaanza kusoma majina. Lakini jua lilimchoma machoni, au pengine yalikuwa mazoea yake tu, akainua karatasi ikamfunika uso kuanzia pua hadi kidevu. Sikuona kitu. Niliona watoto wakiruka mmoja mmoja, mama zao wakiwarushia unga kichwani, na mimi sikujua kama nimepitwa au bado. Nikageuka kumtazama Shangazi. Alikuwa anatabasamu, macho yamejaa maji, na nikadhani sasa atanikumbatia. Hakunikumbatia. Alipenya katikati ya watu mpaka mbele ya kile kiti, na waliyosemezana pale nilisimuliwa baadaye.

"Bwana Direkta, shusha karatasi. Rudilia."

"Mama Feza, nimeshasoma. Umesikia. Bote balisikia."

"Minye sikusikia."

Watu walianza kunung'unika, mmoja akamvuta kitenge. Alisimama palepale, mikono kiunoni, mwanamke mwenye masikio mazima kuliko yeyote uwanjani. "Sikusikia," akasema tena. "Rudilia." Direkta alimtazama, kisha akanitazama mimi huku nyuma, muda kidogo. Akashusha karatasi mpaka kifuani. Akasoma tena, na safari hii nikaliona jina langu.